Leeba Hakumkataa Mtu

Makhauta alikuwa na maneno machache kwa watu na mengi kwa farasi. Ukimkuta njiani anamkokota Leeba kwa kamba, ungedhani ni mke na mume wanagombania mambo ya ndani. "Wewe leo umeamkaje? Mbona unaninunia? Nani kakwambia kliniki iko karibu?" Farasi anatikisa sikio moja, safari inaendelea. Mimi ni jirani yake, kiambaza chake na changu vinatazamana, kwa hiyo nimeyasikia hayo miaka na miaka. Nilikuwa nikimtania kwamba mumewe angefufuka siku moja tu angeona wivu.

"Wivu wa nini, Mathakane?" alinijibu. "Huyu hajawahi kupanda kitandani kwangu na viatu."

Naandika habari zake kwa sababu watu wa kijiji chetu cha Ha Letuka wameanza kuzilainisha. Nenda popote penye bendera ya kutangaza pombe, utasikia kwamba Makhauta aliuza farasi wa watu kisha akajuta. Hakuuza. Aliuzishwa, kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nilikuwapo nikishika kikombe. Hilo linanikera mpaka leo, na sitalisema kwa upole ili mtu fulani apate usingizi.

Farasi hakuwa wake. Tulijua, naye alijua. Mumewe alipofariki, rafiki wa mumewe, Ntate Hlalele, yaani Bwana Hlalele, alipanda kutoka bondeni akamletea mtoto wa farasi, miguu mirefu kuliko akili, tumbo limejaa minyoo. Alimkabidhi kwa mafisa, kama ambavyo wenye mifugo wamekuwa wakifanya kwetu tangu zamani: mnyama ni wa mwenyewe, kazi yake ni yako. Ng'ombe unakunywa maziwa, farasi unatumia mgongo. Akifa, unampelekea mwenyewe ngozi ili ajue hukumla wala hukumpoteza. Akiwa jike na akazaa, mwenyewe akipenda atakupa mtoto mmoja. Huyu alikuwa dume na baadaye akahasiwa, kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa kutegemea. Makhauta hakujali. Alimwita Leeba, yaani njiwa, kwa sababu ya rangi yake ya kijivu.

Farasi wengi wa milima hii huzaliwa na ule mwendo wa katikati, si kutembea wala si kukimbia, miguu inapokezana upesi na mgongo unatulia. Wengi pia huharibiwa kwa fimbo na watu wenye haraka. Makhauta aliusubiri. Alikuwa akimpeleka kwenye mteremko wa mawe, hatamu zimelegea, anamwimbia wimbo wa kanisani polepole, mpaka siku moja farasi akaushika wimbo kwa kwato. Tangu hapo mwanamke yule aliweza kupita kijiji kizima juu yake na kikombe cha pombe ya mtama kilichojaa mpaka ukingoni, akafika nyumba ya mwisho na kidole kikavu.

Na kazi Leeba alifanya zote. Alibeba mahindi kwenda mashineni na sufu kwenda kwenye banda la kukatia kondoo manyoya. Alimbeba padri, ambaye si mtu mdogo, na wageni wanaokuja kutazama maporomoko, wale wanaopanda farasi wakitazama mkiani. Lakini wajawazito na wagonjwa ndio hasa waliomjua. Kutoka kwetu hadi kliniki gari halipiti, na mwenye uchungu hawezi kukaa juu ya farasi anayemrusharusha. Waliobebwa walimlipa Makhauta walichokuwa nacho: unga, kuku, noti iliyokunjwa mara nne. Nyumba yake ilikula kutoka kwenye mgongo ule. Bila Leeba alikuwa mjane mwenye magoti mabovu na shamba linalozaa mawe.

Ntate Hlalele alikuwa na mtoto mmoja, Rapelang. Huyo alikulia Maseru, lakini shule zikifungwa alikuwa analetwa huku apate hewa, na kula yake ilikuwa kwa Makhauta. Alimwita mama, na Makhauta alimwita mwanangu, na wala si kwa adabu tu. Alimfulia, alimtoa chawa, alimchapa alipoiba mapichi yangu.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, Rapelang akiwa kijana wa kumaliza shule, tumbo lilimkamata asubuhi. Kabla ya jua kutoka vizuri alikuwa amejikunja chini, midomo imekuwa rangi ya jivu. Makhauta alimfunga blanketi, akampakia juu ya Leeba, akashika mkanda wa suruali yake, akatembea pembeni. Kila kijana alipozimia akaegemea upande, Makhauta alisema "simama", farasi akasimama, akamweka sawa, wakaendelea. Walipofika kivukoni, maji yamejaa, hakuwa na haja ya kusema tena. Kijana akiyumba, farasi anasimama mwenyewe katikati ya maji, anageuza sikio nyuma, anangoja. Kliniki waliambiwa kwamba wangechelewa kidogo wangerudi na maiti.

Tangu siku hiyo Leeba alibaki na tabia hiyo. Mtu akiegemea upande juu yake, anasimama. Walevi walimchukia kwa hilo. Ntate Sekoati aliwahi kusinzia juu yake akitoka kunywa, farasi akasimama naye njiani mpaka mkewe akaenda kumtafuta. "Huyu mnyama ni mshenzi," alisema Ntate Sekoati, na mkewe akamjibu, "Bora yeye, alisimama bila kushikiliwa."

Ntate Hlalele alipanda kututembelea kila mwaka baada ya mavuno. Alikaa kwa Makhauta, akala papa, ndio ugali wetu, na mboga za moroho na kipande cha kondoo, akamzunguka farasi mara kadhaa akimpapasa miguu, akaridhika. Mara ya mwisho, pombe ikiwa katikati yetu na Rapelang mwenyewe ndiye anayetumiminia, mzee alisema: "Mimi simtoi farasi huyu mikononi mwako, Makhauta. Mpaka achoke yeye au uchoke wewe." Tulisikia sote. Makhauta aliinamisha kichwa, akapiga makofi ya shukrani, na jioni ile alimwimbia Leeba mpaka nikamwambia anyamaze, watu wanataka kulala. Mzee alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata.

Sasa nafika penyewe.

Ilikuwa majira ya maua ya mapichi, baridi imelegea. Rapelang alikuja na mwanamume mmoja mwenye kofia nzuri na viatu vya kupandia milima. Gari walikuwa wameliacha dukani, ng'ambo ya mto. "Mama, huyu ni Ntate Pitso, rafiki yangu. Anapenda sana farasi," alisema, na Makhauta akamkumbatia kijana wake, akaniita nije kumsaidia kukimbiza kuku. Kuku alichinjwa, sufuria ikatelekwa.

"Mama," Rapelang akasema, "kabla ya kula, hebu tumwone mnyama wa baba. Nataka mgeni aone ulivyomlea."

Mtu asiye wa kwetu hataelewa maneno hayo yalivyoingia. Mlezi wa mafisa anaweza kukaa miaka bila kuulizwa. Siku mwenyewe anapokuja na kusema nionyeshe, ndiyo siku yako ya kusimama mbele ya watu. Makhauta aliingia ndani akatoka na blanketi lake la harusi, lile la Jumapili, amelifunga kwa pini kubwa. Alimsugua Leeba mpaka akang'aa. Mimi nikafurahi kwa ajili yake, mjinga mimi.

Alimwonyesha mwendo. Mimi ndiye niliyejaza kikombe, nikakijaza kwa makusudi mpaka pombe ikavimba juu ya ukingo, naye akaenda nacho hadi kwa Sekoati na kurudi, akampa mgeni. "Kunywa, ntate, hiki ni chako, hakijapungua." Mgeni alicheka, akanywa. Makhauta akafungua mwavuli karibu na masikio ya Leeba. Akatikisa gunia la makopo nyuma yake. Akampakia magunia mawili, akayashusha, akamvusha mto, akamrudisha. Kisha akanipandisha mimi, ninayemwona farasi kama ng'ombe aliyekosa malezi, nikapiga kelele njia nzima na Leeba hakuongeza hata hatua.

"Anakubali kila mtu?" aliuliza Ntate Pitso.

"Kila mtu," alisema Makhauta. "Mtoto, kipofu, mwenye uchungu. Nimemfundisha asimkatae mtu. Mgonjwa hana nguvu za kubembeleza farasi."

"Na kosa lake?"

Alimuuliza yeye, lakini Makhauta alimgeukia Rapelang, kwa sababu mlezi hamfichi mwenye mali. "Ana kosa moja, mwanangu, nikuambie ukweli. Mtu akiyumba juu yake anasimama. Hata kama mna haraka, hata kama mvua inanyesha, hatasogea mpaka ukae sawa."

Ntate Pitso akaacha kunywa. "Hilo ndilo kosa?"

"Watu wanalilalamikia."

"Nani alimfundisha?"

"Huyu hapa," Makhauta akacheka, akampiga Rapelang kidogo begani. "Kwa tumbo lake."

Rapelang alikuwa anakwangua udongo kwa ncha ya kiatu. Sikuliona hilo wakati ule. Nimeliona baadaye, kila siku.

Ntate Pitso alikuja karibu, akavua kofia. Alikuwa mtu wa heshima, na mpaka leo sijapata sababu ya kumchukia, ingawa nimeitafuta. "Mama, nakushukuru," alisema. "Mimi nanunulia farasi nyumba ya wageni kule chini, wageni wasiojua kupanda. Nimeona farasi wengi. Sijawahi kukutana na muuzaji anayetaja kosa la farasi wake."

"Muuzaji yupi?" aliuliza Makhauta, bado anatabasamu.

Mgeni akamtazama Rapelang. "Hukumwambia?"

"Nilikuwa namwambia tukishakula," alisema Rapelang.

Nilisikia sufuria inachemka ndani. Makhauta hakuondoa mkono shingoni mwa Leeba. Tabasamu lilimtoka polepole, kama mtu anayevua nguo mbele za watu na hajui ashike wapi. Nilitaka kumchukua kijana yule kwa sikio kama enzi za mapichi.

"Mama, usinielewe vibaya," Rapelang alisema. "Baba hana jiwe. Wenzake wote makaburini wana mawe, yeye ana rundo la udongo na msalaba wa mbao. Ukoo unanisema. Sina kitu kingine cha kuuza."

"Baba yako alisema mbele yako," Makhauta akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamimina."

"Alisema yeye hamtoi. Na hakumtoa, mama, mpaka amezikwa. Mimi sikusema chochote."

Alilisema kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu aliyelipanga ndani ya gari. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakupitiwa na jambo lile. Alikuja nalo. Kumbatio lilikuwa ndani yake, kuku alikuwa ndani yake, "ulivyomlea" ilikuwa ndani yake. Alimvika Makhauta kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho mbele ya mnunuzi kichwa juu.

"Ungeniambia ukiwa bado bondeni," Makhauta alisema. "Ungenitumia mtu. Kwa nini hukuniambia?"

Nadhani Rapelang alikuwa amechoka kusema uongo, maana safari hii alisema kweli. "Ningekuambia, ungemwonyesha vizuri hivi?"

Makhauta aliondoa mkono shingoni mwa farasi. "Kuku ameiva, Ntate Rapelang," alisema. "Mle, msije mkaondoka na njaa." Tangu aanze kuongea, kijana yule hakuwahi kuitwa ntate na mwanamke yule. Alishtuka kama amemwagiwa maji. Walikula. Makhauta hakula, na mimi nilikataa kwa sauti ili wasikie.

Walikubaliana kwamba farasi atachukuliwa wiki inayofuata. Mimi nilimburuta Makhauta kwa chifu, ambaye siku hizi ni mwanamke, mjane wa chifu aliyekufa, mtu wa haki na mwenye kusikiliza. Nilisema mengi. Nilitaja pombe ile, nani alikaa wapi, mzee alisema nini neno kwa neno, mpaka nikaambiwa nikae chini.

"Neno la marehemu lilikuwa zuri," chifu alisema. "Lakini mafisa ni mafisa. Mnyama ana mwenyewe, na mwenyewe sasa ni mtoto. Makhauta, wewe unalijua hili kuliko mimi."

"Nalijua," alisema Makhauta. "Sikuja kudai farasi. Nimekuja kuuliza kama iko sheria inayomzuia mtu kunituma nimuuze bila kuniambia."

Chifu alitazama mikono yake. "Hiyo hatuna, mama."

Wiki ile Leeba hakubeba mtu. Makhauta alikuwa akikaa naye zizini mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile sikusikia ugomvi. Siku ya kuja kwao, asubuhi, nilikuwa ninawasha moto nikamsikia upande wa pili wa kiambaza. Hakuwa anamgombeza. Alikuwa anamwomba.

"Mara moja tu," alimwambia. "Mkatae mara moja tu. Lala chini, piga teke, rudi nyuma, lolote. Waseme huyu mnyama hafai. Mimi nitawaambia sijui kimempata nini."

Niliacha moto uzime. Mimi sipendi farasi, nimesema, lakini nilimwomba Mungu kwa ajili ya teke moja.

Walikuja. Rapelang alikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake blanketi jipya, la bei, lenye mahindi yaliyofumwa. Alilitoa akalishika kwa mikono miwili. "Mama, hili ni la kukushukuru kwa miaka yote."

Makhauta hakunyoosha mkono. "Mfunike nalo baba yako, ntate," alisema. "Jiwe ni baridi."

Akamtandika Leeba mwenyewe, hakukubali mtu mwingine amshike. Akakaza mikanda, akakagua kwato zote nne, akampa Ntate Pitso hatamu. Mgeni akapanda. Leeba hakupiga teke. Hakurudi nyuma. Alisimama kama meza mpaka mtu amekaa, kisha akaondoka kwa ule mwendo wake laini, shingo imetulia, akipita nyumba moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wamesimama milangoni. Wanawake watatu niliowaona walikuwa wamebebwa naye wakiwa na matumbo, na watoto wao walikuwa wamesimama pembeni yao wakipunga mikono, maana kwa watoto kila safari ni furaha.

Tuliwafuata mimi na Makhauta mpaka mtoni. Rapelang alitangulia kwa mawe ya kuvukia akafika ng'ambo. Ntate Pitso akaingia majini na farasi. Maji hayakuwa mengi, lakini katikati mawe yana utelezi, na mgeni, aliyekuwa akigeuka kututazama, akapoteza mizani akaegemea upande.

Leeba akasimama.

Makhauta alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Amekataa," alisema. "Mathakane, amekataa."

Nami niliamini. Niliamini kwa moyo wangu wote. Rapelang alikuwa anaita kutoka ng'ambo, anapiga makofi kumhimiza, na farasi hakusogea. Alisimama maji yanampita magotini, sikio moja limegeuka nyuma. Ntate Pitso alishika manyoya ya shingoni, akajivuta, akakaa sawa katikati ya tandiko. Leeba alisikia uzito umerudi mahali pake. Akamaliza kuvuka, akapanda ukingo, akashika njia ya dukani bila kugeuka.

Makhauta aliniachia mkono.

"Alikuwa anamsubiri," alisema.